Miguu Inafika Chini?

Koti langu lilikuwa bado linachuruzika maji ya mvua nilipoipanda. Yamaha MT-125, mpya kabisa, imesimama katikati ya duka kwa stendi ya pembeni, taa za dari zinang'aa kwenye tanki lake. Muuzaji aliushika usukani, akaniambia niinyanyue isimame wima. Nikainyanyua. Vidole vya miguu viligusa vigae. Visigino vilibaki hewani.

"Usiwe na wasiwasi," akaniambia. "Hii ni ya kujifunzia tu. Mwakani utairudisha hapa uchukue pikipiki ya kweli."

Alisema kwa upole, bila nia mbaya yoyote. Nikamshukuru, nikachukua karatasi ya bei, nikatoka kwenda kusubiri basi.

Maneno yale nilikaa nayo wiki sita.

Pikipiki ya kweli.

Mdogo wangu wa kiume ni dereva wa bodaboda Morogoro, kijiwe chake ni Msamvu. Injini ya pikipiki yake haifiki hata cc 150. Kwa injini hiyo amejenga vyumba viwili, amelipa ada za watoto watatu, na mama alipozidiwa usiku ndiyo iliyomfikisha hospitali. Sasa mimi naambiwa kwamba kitu cha ukubwa huo ni daftari la mazoezi, ukishalijaza unalitupa.

Nilikasirika. Na hasira ile, kama mtakavyoona, karibu initie kwenye uamuzi mbaya.

Abiria

Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, hapa Coventry, Uingereza. Mzee wa kwanza anatakiwa kuamshwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wa pili yuko upande mwingine wa mji, wa tatu yuko Kenilworth. Siku za kawaida basi linanifikisha, kwa tabu. Jumapili ndiyo kilio, maana basi la kwanza linapita wakati mzee wangu alishapaswa kuwa amekunywa chai na dawa. Gari sina, na nikipiga hesabu ya kulinunua na kulikatia bima, mshahara unakwisha kabla sijatia mafuta.

Ndipo nikaanza kufikiria pikipiki.

Wenzangu wa kazini walishangaa, lakini mimi mwenyewe nilishangaa kwa sababu nyingine. Nimepanda pikipiki tangu nikiwa msichana. Nimezipanda na ndoo, na mkungu wa ndizi, na mtoto mgongoni. Nimepakiwa mishikaki, watu watatu na dereva, tukipanda kilima cha Bigwa. Ila sijawahi hata siku moja kushika usukani. Maisha yangu yote kwenye pikipiki nimekaa nyuma.

Siku moja kwenye koni

Hapa huwezi kununua tu na kuondoka. Lazima kwanza upitie mafunzo ya siku moja ambayo kila mtu huyaita CBT, yaliyowekwa tangu Desemba 1990. Siyo mtihani, huambiwi umefaulu au umefeli. Mwalimu anakaa nawe mpaka aridhike, na asiporidhika unarudi siku nyingine.

Nilikwenda mwezi wa kumi. Uwanja ulikuwa nyuma ya maghala, umepangwa koni za rangi ya chungwa, majani makavu yameloana na kuganda kwenye lami. Asubuhi nzima tulizunguka namba nane, tukajifunza kuachia klachi taratibu, kugeuza kwenye nafasi finyu, kuangalia nyuma ya bega kabla ya kuhama. Halafu ukaja wakati wa kufunga breki za ghafla.

Mwalimu alisimama mbele, akainua mkono. Nikabana.

Tairi la nyuma likaganda likakaa juu ya majani, pikipiki ikaanza kuteleza upande, taratibu kabisa, kama mlango unaofunguka wenyewe. Sikuanguka. Mwendo ulikuwa mdogo, na mguu uliwahi. Mwalimu akaja, akaniuliza nimebana nini zaidi, mkono, yaani breki ya mbele, au mguu, yaani breki ya nyuma. Mguu, nikasema. Akanirudisha nyuma tukaanza upya. Tulifanya mara tano.

Mchana tukaingia barabarani kwa muda usiopungua saa mbili, maana ndivyo sheria inavyotaka, yeye nyuma yangu akizungumza sikioni kwa redio. Jioni nikapewa cheti cha miaka miwili.

Cheti hicho kinaruhusu pikipiki isiyozidi cc 125 na nguvu isiyozidi kilowati 11, yaani kama nguvu za farasi 15. Lazima ubandike herufi L nyekundu mbele na nyuma. Usiingie barabara kuu za motorway. Usibebe abiria, hata mmoja. Miaka miwili ikiisha hujafanya mtihani wa leseni, unarudi kwenye koni.

Usiku ule nilipolala nilikuwa bado nalisikia lile tairi.

Dari la farasi 15

Nikaanza kusoma, na kila nilivyosoma ndivyo karatasi za bei zilivyozidi kunichanganya. Kwa nini pikipiki zote za wanaojifunza zimewekewa kikomo kilekile cha nguvu, lakini bei zinapishana kwa pauni elfu mbili?

Jibu liko kwenye historia. Waingereza hawakuanza na 125. Mpaka 1961 mwanafunzi aliruhusiwa kuendesha pikipiki ya ukubwa wowote, hata ile nzito kuliko zote. Mwaka huo wakaweka kikomo cha cc 250. Viwanda vya Japani vikakitazama kikomo hicho kama changamoto. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Suzuki ilikuwa inaitangaza GT250 X7 kuwa ni 250 inayofika maili 100 kwa saa, na kijana wa miaka 17 aliweza kuipanda na herufi yake ya L bila kufundishwa na mtu. Mwaka 1983 serikali ikakishusha kikomo hadi cc 125.

Tangu hapo dari ni lilelile. Nguvu iliongezwa kidogo baadaye hadi kufika hizi kilowati 11, basi.

Fikiria sasa wewe ndiye mwenye kiwanda. Washindani wako wote wamefungiwa chini ya dari moja na wewe. Huwezi kusema yako ina nguvu zaidi. Utauza nini?

Utauza sura. Yamaha ilipoleta YZF-R125 mwaka 2008, iliivalisha kama pikipiki ya mashindano, na kijana akiiona kwa mbali anadhani ni ile kubwa. Mwaka 2019 wakaipa injini ambayo vali zake hubadilisha mwendo kadiri mzunguko unavyopanda, 2023 wakaipa uso wa kaka yake R7 na kioo cha rangi cha kuonyesha mwendo, kama cha simu. KTM walianza na 125 Duke mwaka 2011, wakaifumua 2017, wakaifumua tena 2024. Honda CB125R ilizaliwa 2018, ikapata injini mpya ya farasi 15 mwaka 2021, na 2024 ikawekewa kioo cha rangi cha inchi tano kinachoungana na simu.

Kioo kinachoungana na simu. Mimi nikiwa njiani kwenda kwa mzee wangu saa kumi na moja na nusu alfajiri, simu nataka ikae mfukoni.

Kila baada ya miaka mitatu minne, basi, ile ya juzi inazeeshwa kwa nguvu. Na wanaoambiwa kwamba yao imepitwa ni watu ambao hawajui bado kuachia klachi. Wengi ni vijana wa miaka 17, wanaolipa kwa mkopo wa kila mwezi. Jambo hili linaniuma, na sidhani kama nitaacha kuumia.

Lakini niwe mkweli. Kati ya mabadiliko yote hayo, lipo moja lililoletwa na sheria badala ya tangazo, na lina uzito kuliko vioo vyote. Kanuni ya Ulaya iitwayo Euro 4, iliyoanza 2016 kwa aina mpya za pikipiki na 2017 kwa kila mpya inayouzwa, haikugusa moshi peke yake. Ilisema pikipiki yenye injini inayozidi cc 125 lazima iwe na ABS, yaani breki zinazozuia tairi lisigande. Kwa hizi ndogo ikamwachia mwenye kiwanda achague: ama aweke ABS, ama aweke breki zilizounganishwa, ambazo ukikanyaga ya nyuma na ya mbele inashika kidogo.

Achague.

Hapo ndipo pauni zinapojificha. Ya bei nafuu inapewa breki zilizounganishwa. Ya bei kubwa inapewa ABS.

Bajaji

Kuna jioni nilikuwa nasoma habari za ile Duke ya rangi ya chungwa, kampuni ya Austria, picha za milima yenye theluji. Nikakutana na sentensi iliyonisimamisha: hizi Duke ndogo zinatengenezwa Chakan, karibu na Pune, India, kwenye kiwanda cha Bajaj.

Bajaj. Waliotupa neno *bajaji*. Waliotengeneza Boxer ya mdogo wangu.

KTM ilipolemewa na madeni mwishoni mwa 2024, waliokuja na fedha za kuinusuru ni hao hao Bajaj. Wanatengeneza pia Triumph Speed 400, na Triumph ni jina la hapa hapa, kiwanda chake cha zamani kilikuwa katikati ya Coventry mpaka mabomu ya Novemba 1940 yalipokifuta. Na TVS, wale wenye HLX zilizojaa vijiweni kwetu, mwaka 2020 waliinunua Norton, jina jingine kubwa la Uingereza.

Nilikaa na simu mkononi nikihisi kitu kama fahari. Kwa hiyo ile "ya kujifunzia tu" na ile ya Msamvu ni ndugu wa baba mmoja. Nikaamua hapo hapo: mimi sitanunua sura wala vioo. Nitachukua ile rahisi kuliko zote, Honda CB125F, iliyofanana na ya mdogo wangu. Kilo 117. Kiti milimita 790 kutoka chini, miguu yote miwili inakanyaga. Tanki la lita 11, na injini isiyokula mafuta. Breki ya mbele diski, ya nyuma ngoma, zimeunganishwa. ABS haina.

Ndugu yangu hana ABS na miaka kumi na mbili anakula kwa pikipiki. Mimi ni nani nidai zaidi?

Nilijiona nimeelewa jambo kubwa.

Ile Aprili

Nikampigia Jumamosi. Kulikuwa na kelele za mpiga debe nyuma yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Uko kijiweni?"

"Niko hapa Msamvu, nasubiri basi za Dar. Wenzangu kadhaa wamehamia stesheni ya SGR, mimi nimebaki na wateja wangu."

Nikamwambia nanunua pikipiki. Akanyamaza, halafu akacheka kwa furaha, akawaita wenzake: dada anapanda pikipiki Ulaya! Kisha swali lake la kwanza, kabla ya bei, kabla ya jina la kampuni:

"Miguu inafika chini?"

Nikamweleza ile ya dukani, visigino hewani. Akasema hiyo peke yake si tatizo. Ukisimama, mguu wa kushoto ndio unaokwenda chini, wa kulia ubaki kwenye breki. Ukifika kwa kisigino mguu mmoja, imetosha. Shida ni uzito unapoegemea. Je, ukiinama kidogo unaweza kuirudisha? Mwalimu wa CBT alinifundisha kitu hicho hicho kwa maneno karibu hayo hayo, na huyu hajawahi kuketi mbele ya mwalimu yeyote.

Swali la pili lilikuwa spea. La tatu, nani ataiangalia cheni, maana cheni ikilegea haikuambii.

Ndipo nikamwaga hotuba yangu. Nikamwambia nimeona pikipiki za bei mbaya zenye ABS na nimezikataa. Nikamwambia wewe umesomesha watoto kwa Boxer isiyo na hayo yote, na mimi nitaendesha kama wewe. Nilikuwa nasema kwa moyo. Nilidhani nampa heshima.

Akanyamaza muda mrefu. Nikadhani mtandao umekatika.

"Dada," akasema, "mimi hii sikuichagua. Hela yangu ilifika hapo."

Halafu akauliza, kwa sauti ya chini zaidi, kama naikumbuka ile Aprili niliyotuma pesa za malaria.

Naikumbuka. Alisema imempanda kichwani, amelala wiki tatu. Nilituma mara mbili.

"Haikuwa malaria."

Mvua ilikuwa imenyesha. Alikuwa amebeba mama mmoja na mtoto, wanashuka kutoka Bigwa. Lori lilikuwa limemwaga tope kwenye lami, mbuzi akakatiza, akabana. Tairi la nyuma likaganda. Alivyolieleza, lilikwenda upande taratibu, na wakati linakwenda alipata nafasi ya kuwaza kwamba nyuma kuna mtoto.

Mama na mtoto walichubuka tu. Yeye alivunjika mfupa wa bega. Hakuniambia kwa sababu alijua ningemwambia aache kazi, na kazi nyingine hana.

"Sasa kama huko kuna breki zinazojua tairi limeganda," akasema, "chukua hizo. Usichukue mbovu kwa ajili yangu. Mimi nikizipata hata leo jioni nazifunga."

Nilichokuwa nimekifanya

Sikulala vizuri usiku ule, wala uliofuata.

Nilichokuwa nimekifanya kwa wiki sita ni kuigeuza dhiki ya ndugu yangu kuwa mapambo yangu. Muuzaji aliidharau pikipiki ndogo, mimi nikaitukuza, na wote wawili hatukumuuliza anayeiendesha. Yeye anaijua Boxer yake kuliko fundi yeyote: inapenda plagi gani, inanguruma vipi oili ikipungua. Anaipenda. Na papo hapo angeibadilisha leo kwa breki bora, na hajaona kwamba kuna ubishi wowote kati ya mambo hayo mawili.

Nilirudi kuufikiria ule uwanja wa koni. Tairi lake na tairi langu yalikwenda upande kwa namna moja. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa kwenye uwanja mtupu, mwendo wa mtu anayekimbia, mwalimu akiniangalia, na nilirudia mara tano. Yeye alikuwa kwenye mteremko, na mama na mtoto nyuma yake.

ABS inafanya kitu kimoja. Kuna kipimo kwenye gurudumu kinachohesabu linavyozunguka, na likitaka kuganda, breki inaachiwa na kushikwa tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, haraka kuliko mkono wa binadamu unavyoweza. Tairi linaendelea kuzunguka, na tairi linalozunguka bado linatii usukani. Hilo tu. Haikupi nguvu, haikupendezeshi barabarani, na mwenye bahati anaweza kumaliza miaka bila kulihisi hata mara moja.

Anayelihitaji kuliko wote ni yule anayebana kwa woga, mguu kabla ya mkono. Ndiye mwenye herufi L. Na ndiye aliyeandikiwa kwenye sheria kwamba kiwanda kichague.

Sielewi. Nimejaribu kuuelewa upande wa pili: bei ikipanda, kijana atanunua kuukuu zaidi, au atabaki bila kitu. Naukubali uzito wa hoja hiyo, nimetoka kwenye familia inayoijua hoja hiyo kwa mwili. Lakini kioo cha rangi nacho kina gharama, na mwaka hadi mwaka naona kioo kikishuka mpaka kwenye pikipiki za chini, huku breki zikibaki juu.

Mbili na moja

Nikarudi kwenye karatasi zangu, safari hii nikiwa na maswali ya mdogo wangu badala ya hasira zangu.

Skuta ya Honda, PCX125, ilinishawishi sana. Kiti milimita 764, miguu yote chini. Ya miaka ya karibuni ina ABS kwenye gurudumu la mbele, na chini ya kiti kuna nafasi ya kuweka sare, viatu vya kubadili na chakula cha mchana. Kwa kazi yangu huenda ndiyo ingefaa kuliko zote, na aliye kwenye hali kama yangu asiidharau. Mambo mawili yalinizuia. Skuta za namna hiyo zinaibiwa mno kwenye miji ya huku, na mimi naegesha barabarani. La pili ni kwamba haina gia, na ukifanya mtihani wa leseni kwa pikipiki isiyo na gia, leseni yako inafungwa kwa hizo hizo. Mimi nataka siku nikirudi nyumbani nimwambie mdogo wangu kaa nyuma.

Leo, kwa cheti changu, nisingeruhusiwa. Boxer yake ya 150 imezidi kikomo kwa cc kama ishirini hivi, ingawa nguvu zake, farasi kama 12, ni chini ya hizi za kujifunzia zenye farasi 15. Namba za sheria na namba za barabarani hazilingani kila mara.

CB125F nimeshaieleza. Ni pikipiki njema, ile ya uwanja wa koni ilikuwa ya aina hiyo. Ingekuwa na ABS makala hii ingeishia hapo.

Ikabaki CB125R. Kilo 130, ABS kwenye magurudumu yote mawili, diski ya mbele ya milimita 296. Kiti milimita 816, juu kuliko hata ile MT iliyoniacha ninaning'inia, lakini chembamba pale katikati, kwa hiyo miguu inashuka moja kwa moja badala ya kutanuka. Nilikwenda kwenye duka jingine, nikaomba nikae na viatu vyangu vya kuendeshea, siyo raba. Nikafanya kama nilivyoambiwa na Msamvu: wa kushoto chini, wa kulia kwenye breki. Kisigino cha kushoto kikagusa. Nikaiegemeza kidogo, nikairudisha. Nikaiegemeza zaidi, nikairudisha. Kijana wa dukani akanisubiri bila kusema neno, na kwa hilo namshukuru.

Zile farasi 15 pia zina kazi yake Coventry. Barabara yetu ya mzunguko inayozunguka katikati ya mji ina njia fupi za kuingilia, wanaoingia na wanaotoka wanapishana kwenye kipande kimoja, na pale unahitaji kufikia mwendo wa wenzako upesi. Nimeipita mara nyingi kwenye kiti cha mbele cha gari la mwenzangu nikishika mlango.

Bei ya mpya ilikuwa pauni elfu nne na ushee. Siwezi.

Hapo mzunguko wa viwanda ukanisaidia kwa mara ya kwanza. Namba mpya za usajili hapa hutoka mara mbili kwa mwaka, Machi mosi na Septemba mosi, na wiki za kabla yake maduka yanataka kupunguza mzigo. Zaidi ya hapo, ile CB125R ya 2024 yenye kioo cha rangi imeifanya ya kabla yake ionekane ya zamani. Lakini injini ni ileile ya 2021. Breki ni zilezile. Shokamzoba za mbele ni zilezile. Kilichoshusha bei ni kioo.

Nilipata yenye namba ya 72, yaani iliyosajiliwa kati ya Septemba 2022 na Februari 2023. Mwenye nayo alifaulu mtihani akachukua kubwa. Maili elfu nne, kitabu cha sevisi kimegongwa muhuri, mkwaruzo mmoja kwenye kioo cha kushoto cha kutazamia nyuma. Ilikuwa chini kidogo ya pauni elfu tatu, na kilichobaki nilinunua kofia, glavu, koti lenye vikinga vya mabega na viwiko, na mnyororo mzito wa kufungia ambao ni mzito kweli. Bima ndiyo iliyonikaba zaidi, nikakubali kulipa kwa mwezi.

Kofia sikubishana nayo bei. Wala glavu. Mtu akianguka hutanguliza mikono.

Herufi

Niliichukua Jumamosi ya mwisho ya Februari. Baridi, jua limetoka, lami kavu. Fundi wa duka alinifungia herufi L kwa vishikizo vya plastiki, moja mbele chini ya taa, moja nyuma. Nikakaa. Kushoto chini, kulia kwenye breki. Nikaiwasha.

Nilikwenda nyumbani kwa njia ndefu ya kukwepa barabara ya mzunguko. Kwenye kipilefti cha pili injini ilinizimikia, gari la nyuma likasubiri, nikawasha tena nikaondoka. Jumapili yake nilifika kwa mzee wangu saa kumi na mbili na dakika ishirini. Alikuwa macho. Aliona kofia mkononi, akaniuliza kama ni yangu, akataka kuipeleka dirishani kwa kigari chake aione pikipiki.

Jioni nilimtumia mdogo wangu picha nne: ya ubavuni, ya cheni kama alivyodai, ya diski ya mbele yenye kile kigurudumu chembamba cha ABS, na ya nyuma.

Alipiga baada ya dakika kumi.

"Cheni iko sawa. Imekazwa vizuri. Hiyo L nyekundu ni ya nini?"

"Ni kwamba najifunza. Wote walioko barabarani waone, wanipe nafasi."

"Na wanakupa?"

Nikafikiria lile gari kwenye kipilefti.

"Wengine wanakupa."

Akanyamaza kidogo. Alinisimulia kitu ambacho nilikuwa sijawahi kumuuliza: alivyojifunza. Rafiki yake alimwonyesha klachi na gia jioni moja kwenye uwanja wa mpira wa shule. Akazunguka mara tatu. Kesho yake asubuhi akabeba abiria.

Nyuma yake nilisikia pikipiki ikiwashwa, ikizima, ikiwashwa tena.

"Unamsikia huyo?" akasema. "Kaja jana kijiweni. Hajui kitu. Hizo L wanauza mbili mbili? Nitumie."